Ghala la Video: Jinsi Vyama vya Ushirika Vinavyoweza Kumiliki Mahali pa Kuhifadhia Picha Zao

Chama cha ushirika kisicho na ghala lake hulazimika kuweka mazao ya wanachama katika ghala la mtu mwingine. Kwa misimu kadhaa mambo huweza kwenda vyema: milango hufunguliwa kwa wakati, paa halivuji, na mwenye ghala hadai ushuru mkubwa. Lakini siku mwenye ghala anapobadili masharti yake, au anapoamua kulifunga, ndipo chama hutambua kwamba ufunguo haukuwa mkononi mwake. Jambo hili halihitaji kuelezwa kwa kirefu mbele ya makatibu wa vyama, kwa sababu kuondokana na hali hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wakulima waungane tangu mwanzo.

Siku hizi iko mali nyingine ya vyama ambayo mara nyingi huwekwa kwa namna hiyohiyo bila watu kutafakari. Mali hiyo ni picha za video. Simu ya mkononi imekiwezesha chama chochote kurekodi mafunzo ya kuchuma na kukoboa kahawa, maelezo ya bwana shamba kuhusu dawa za kunyunyiza, taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa katika mkutano mkuu, au mzee mwasisi akisimulia jinsi chama kilivyoanza. Video hizo hupakiwa katika jukwaa la kampuni kubwa, kiungo chake hutumwa katika simu za wanachama, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, yaani programu huria zinazowawezesha watu kuwa na kituo chao wenyewe cha kuhifadhia na kuonyeshea video, na kukiunganisha na vituo vya wengine bila ya kuwa chini yao. Yanaeleza pia gharama na wajibu wake, kwa kuwa njia hiyo si ya bure kama wengine wanavyodhani, wala haifai kitu endapo hakuna mtu wa kuitunza.

MASHARTI YA GHALA LA MWINGINE

Jukwaa la video linalojulikana zaidi, YouTube, lilianzishwa nchini Marekani mwaka 2005. Mwaka uliofuata lilinunuliwa na kampuni ya Google kwa thamani ya dola bilioni 1.65. Mwenye kuweka video hatozwi fedha, na huduma anayopata ni kubwa kwelikweli. Kampuni huihifadhi video yake, huigeuza katika ukubwa mbalimbali ili ichezwe katika simu ndogo na katika runinga vilevile, na huweka nakala karibu na watazamaji katika nchi nyingi ili isikwamekwame. Gharama za kazi hiyo hulipwa hasa na matangazo ya biashara. Kwa hiyo mteja wa kampuni ni mtangazaji, na kinachouzwa kwake ni muda wa mtazamaji.

Hali hiyo huzaa matokeo mawili ambayo chama hakina budi kuyafahamu. La kwanza ni kwamba chama hakichagui kinachoonyeshwa kando ya video yake. Mwanachama anayetazama somo la kupogoa mibuni huweza kuonyeshwa, kabla ya somo au baada yake, tangazo la mfanyabiashara wa pembejeo ambalo halipatani na ushauri wa chama. La pili ni kwamba masharti ya kuhifadhi video huandikwa na kampuni, na kampuni ndiyo inayoweza kuyabadili.

Mfano wa kwanza ni huduma iliyoitwa Google Video, ambayo kampuni ya Google ilikuwa nayo hata kabla ya kuinunua YouTube. Mwaka 2009 huduma hiyo iliacha kupokea video mpya. Mwaka 2011 waliokuwa wameweka video zao humo waliarifiwa kwamba zingeondolewa, na ni baada ya malalamiko tu ndipo ilipoandaliwa njia ya kuzihamishia YouTube. Huduma ilifungwa mwezi Agosti 2012. Hapakuwa na mkataba uliovunjwa. Mwenye ghala aliamua kufunga ghala lake, na wapangaji hawakuwa na kura.

Mfano wa pili unahusu taasisi ya Blender Foundation ya mjini Amsterdam, Uholanzi, ambayo hutoa programu huria ya kutengenezea filamu za katuni. Taasisi hiyo iliweka masomo yake mengi YouTube, nayo kwa hiari yake haikutaka matangazo ya biashara yaambatane nayo. Mwezi Juni 2018 video hizo zilizuiwa duniani kote, na taasisi ikatakiwa kutia saini mkataba unaohusu matangazo. Siku hizohizo video za masomo za chuo cha MIT cha Marekani nazo zilizuiwa. Baada ya siku chache video zilirudishwa, lakini wakati huo Blender ilikuwa imekwisha anza kufungua kituo chake yenyewe. Programu iliyotumia ndiyo inayozungumzwa katika makala haya, nayo huitwa PeerTube.

Visa hivyo havithibitishi kwamba kampuni ilikuwa na nia mbaya. Vinathibitisha jambo ambalo mwanaushirika analijua tangu zamani, kwamba asiye na sehemu katika umiliki hana sauti katika uamuzi, hata kama anahudumiwa vizuri kila siku.

PROGRAMU HURIA NI NINI

Programu ya kompyuta huandikwa na watu kwa lugha maalumu. Maandishi hayo ndiyo asili yake, kama vile kanuni ya mapishi ilivyo asili ya chakula. Kampuni nyingi huyaficha maandishi ya programu zao. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuirekebisha, na kuwagawia wengine.

PeerTube ilianza mwaka 2015 kama kazi ya mapumziko ya kijana mmoja mwandishi wa programu nchini Ufaransa. Mwaka 2017 aliajiriwa na Framasoft, jumuiya isiyo ya kibiashara yenye makao yake Lyon, ambayo fedha zake hutokana zaidi na michango ya watu. Mwaka 2018 Framasoft iliomba michango ya euro 20,000 ili kuikamilisha kazi hiyo, na watu wakachangia euro 53,100. Toleo la kwanza lililokamilika lilitoka Oktoba 2018. Uwezo wa kurusha matangazo ya moja kwa moja uliongezwa katika toleo la tatu, Januari 2021. Desemba 2024 ilitolewa pia programu ya kutumiwa katika simu za mkononi.

Leseni ya PeerTube ina sharti moja linalofaa kuangaliwa na wanaushirika. Mtu yeyote aweza kuirekebisha programu na kuitumia kuwahudumia watu kupitia intaneti, lakini akifanya hivyo hana budi kuwapa watu hao maandishi ya marekebisho yake. Kwa sharti hilo, kilichojengwa kwa michango ya wengi hakiwezi kufungiwa na mmoja na kugeuzwa kuwa mali yake peke yake.

VITUO VINGI, MTANDAO MMOJA

Framasoft haikukusudia kujenga YouTube ya pili ambayo video zote za dunia zingewekwa kwake. Ilikusudia kila kikundi kiwe na kituo chake, na vituo vizungumze. Mazungumzo hayo hufuata itifaki iitwayo ActivityPub, yaani kanuni za mawasiliano zilizopitishwa mwezi Januari 2018 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya kurasa za intaneti duniani.

Mfumo huo si mgeni kwa wanaushirika. Chama cha msingi kina daftari lake la wanachama, mizani yake na kamati yake. Hakikomi kuwa chama kwa sababu kimejiunga na Chama Kikuu, wala hakihitaji ruhusa ya chama jirani ili kufanya mkutano. Hata hivyo vyama hivyo hupashana habari na kusaidiana. Vivyo hivyo kila kituo cha PeerTube kina mwenyewe, kina seva yake, na kina masharti yake kuhusu nani aweke video na za namna gani. Kituo kinapoamua kufuatana na kingine, orodha ya video za kile kingine huonekana kwake pia. Mtazamaji mwenye akaunti katika kituo kimoja aweza kufuatilia video za kituo kingine na kutoa maoni bila ya kufungua akaunti mpya. Kituo kisichoridhika na mwenendo wa kingine huweza kukata uhusiano nacho, bila ya kuathiri uhusiano wake na vingine.

Mwanachama anayetaka kutazama tu hahitaji akaunti yoyote. Akibonyeza kiungo alichotumiwa, video hufunguka katika kivinjari cha simu yake. Hapati matangazo ya biashara, isipokuwa kama mwenye kituo ameamua kuyaweka mwenyewe.

Kwa chama kinachotaka kurusha matangazo ya moja kwa moja tu, iko programu nyingine huria iitwayo Owncast, iliyoanza mwaka 2020. Hiyo ni nyepesi zaidi kuendesha, lakini haikukusudiwa kuwa maktaba ya video nyingi. Kwa kuwa haja kubwa ya vyama ni maktaba, maelezo yanayofuata yanahusu PeerTube.

JINSI WATAZAMAJI WANAVYOSAIDIANA

Sifa nyingine ya PeerTube ni kwamba watazamaji huweza kubeba sehemu ya mzigo. Video hugawanywa katika vipande vya sekunde chache. Watu kadhaa wanapotazama video moja kwa wakati mmoja, aliyekwisha pokea kipande humpitishia mwenzake, badala ya kila mmoja kukidai kutoka katika seva. Ni kama watu waliopanga mstari kutoka mtoni hadi penye ujenzi wakipokezana ndoo, ambapo hakuna anayelazimika kwenda mtoni mwenyewe kila mara.

Msaada huo una maana kubwa wakati wa matangazo ya moja kwa moja, ambapo wengi hutazama kwa pamoja. Hauna maana kubwa endapo wanachama hutazama somo mmojammoja kwa siku tofauti, maana wakati huo hakuna mwenzi wa kupokezana naye. Aidha yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, anayetumia kifurushi cha data cha simu hutumia data pia anapompitishia mwenzake. Pili, simu zinazopokezana vipande huweza kuonana anwani zao za intaneti. Kwa sababu hizo mwenye kituo anaweza kuuzima utaratibu huo, na mtazamaji naye anaweza kuuzima upande wake. Chama ambacho wanachama wake wengi hununua vifurushi vidogo kingefanya vyema kuuzima, na kuuwasha pale tu penye haja.

HESABU YA MZIGO

Kabla ya kuzungumzia umiliki, katibu hana budi kujua uzito wa mali yenyewe. Hesabu si ngumu. Video inayoonekana vizuri katika simu huweza kutumia megabiti 1 kwa sekunde. Biti 8 hufanya baiti 1, kwa hiyo dakika moja hutumia megabaiti 7.5.

Na ichukuliwe kwa mfano video ya mafunzo ya dakika 20. Hiyo ni megabaiti 150. Ikitazamwa na wanachama 200, seva itakuwa imetoa megabaiti 30,000, yaani gigabaiti 30. Mzigo huo ni mdogo kwa seva ya kukodi iliyounganishwa vizuri na intaneti. Ni mzito mno kwa kompyuta iliyowekwa katika ofisi ya chama kijijini, ambako umeme hukatika na njia ya intaneti ni nyembamba. Hii ndiyo sababu kituo hakiwekwi ofisini. Umiliki wa kituo ni umiliki wa jina, wa ufunguo na wa nakala. Mashine yenyewe huweza kukodiwa mahali penye umeme wa uhakika, na kituo kikahamishiwa kwingine endapo mkodishaji hafai.

Na ichukuliwe mfano wa pili, mkutano mkuu wa saa 4 unaorushwa moja kwa moja. Kutoka ukumbini hadi katika seva kunahitajika njia moja tu ya kupelekea picha. Lakini wakiwapo watazamaji 50, na utaratibu wa kupokezana ukiwa umezimwa, seva hulazimika kutoa megabiti 50 kwa sekunde muda wote huo, na kila mtazamaji hutumia gigabaiti 1.8 za kifurushi chake. Wanachama wengi hawawezi kumudu kiasi hicho. Muhtasari wa dakika 20 ungetumia megabaiti 150 tu. Sauti peke yake ya mkutano mzima, ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ingetumia takriban megabaiti 115, na PeerTube hupokea mafaili ya sauti pia. Katibu anayetaka mwanachama asiye na fedha nyingi asikie taarifa ya mapato na matumizi angefikiria sauti kabla ya picha.

Iko pia kazi ya kuigeuza video katika ukubwa mbalimbali mara inapopakiwa. Kazi hiyo huitumikisha seva sana kwa muda mfupi. Tangu mwaka 2023 PeerTube inaruhusu kazi hiyo ifanywe na kompyuta nyingine na kurudishwa ikiwa tayari, kwa hiyo seva ndogo haizidiwi.

Haki yapasa kutendeka katika ulinganisho huu. Majukwaa makubwa yana nakala za video karibu na watazamaji, na baadhi ya makampuni ya simu huuza vifurushi vya bei nafuu kwa majukwaa hayo peke yake. Vilevile mgeni anayetafuta habari za kahawa huzitafuta huko. Chama kinachotaka kutangaza bidhaa yake kwa wanunuzi wa mbali hakikatazwi kuweka tangazo lake katika soko hilo kubwa. Lakini kupeleka sampuli sokoni ni jambo moja, na kuacha mavuno yote sokoni ni jambo jingine.

KUUNGANA SI KUHIFADHI NAKALA

Kosa moja hutokea mara nyingi kuhusu mfumo huu, nalo laweza kuleta hasara kubwa. Watu husikia kwamba vituo vimeungana, wakadhani kila video imenakiliwa katika vituo vyote. Sivyo. Vituo vinapofuatana, vinavyosafiri ni jina la video, maelezo yake, picha yake ndogo na maoni ya watazamaji. Video yenyewe hubaki katika kituo ilikopakiwa. Kituo hicho kikizimika, vituo vingine vitabaki na jina katika orodha, kama leja inayoonyesha magunia ambayo hayamo tena ghalani.

PeerTube ina utaratibu wa kituo kimoja kuhifadhi nakala za baadhi ya video za kingine ili kusaidia zisikwame zinapotazamwa na wengi. Utaratibu huo hauanzi wenyewe, ni lazima uwashwe na kutengewa nafasi. Tena umekusudiwa kupunguza mzigo, na hauchukui mahali pa nakala ya akiba. Kwa hiyo chama, hata kikiwa na kituo chake, hakina budi kuhifadhi video asili katika diski mbili, na diski hizo zisikae katika chumba kimoja.

FUNZO KUTOKA ULAYA

Wako wanaodhani kwamba seva ikiwa ya umma au ya jumuiya, basi uhai wake umehakikishwa. Yaliyotokea katika Umoja wa Ulaya yanaonyesha vinginevyo. Mwezi Aprili 2022 Msimamizi wa Ulinzi wa Data wa Ulaya alifungua kituo cha PeerTube kilichoitwa EU Video, ili taasisi za Umoja huo ziweke humo video zao bila ya kuzipitisha katika majukwaa ya makampuni ya nje. Kilikuwa cha majaribio. Programu haikuwa na kasoro iliyokiua. Lakini majaribio yalipofikia kikomo haikupatikana taasisi nyingine ya kukipokea na kukiendesha, na mwezi Mei 2024 kikafungwa.

Ikumbukwe kwamba taasisi hizo zina fedha na wataalamu kuliko chama chochote cha msingi. Walichokosa ni mwenye dhamana wa kudumu. Kituo cha video, kama mizani au lori la chama, hakitunzwi na kila mtu kwa pamoja bila ya mtu mmoja kutajwa jina. Programu hutolewa matoleo mapya ya kuziba nyufa za usalama, na asiyeyapokea huacha mlango wazi. Kodi ya seva na ada ya jina la anwani hulipwa kila mwezi au kila mwaka, na ikisahauliwa kituo hupotea. Nywila ya msimamizi ikijulikana na kijana mmoja tu, naye akapata kazi mjini, chama kimepoteza ufunguo kama kilivyoupoteza kwa kampuni kubwa.

NANI AMILIKI KITUO

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba si busara kila chama cha msingi kiwe na kituo chake. Kodi ingelipwa mara nyingi kwa kazi ileile, na wataalamu wasingetosha. Vilevile si busara kila chama kiendelee kutegemea ghala la mwingine eti kwa sababu hakiwezi kujenga lake. Njia ya katikati ndiyo ile iliyozaa vyama vikuu. Kituo kiwe kimoja, kimilikiwe na Chama Kikuu au na vyama kadhaa vilivyokubaliana, na ndani yake kila chama cha msingi kiwe na chaneli yake. Katibu wa chama hupakia video za chama chake na kuziondoa, wala hawezi kugusa za chama jirani. Msimamizi mmoja na msaidizi wake huhudumia wote.

Endapo baadaye vyama vya mkoa mwingine vitafungua kituo chao, vituo hivyo viwili huweza kufuatana. Somo la kukausha kahawa lililorekodiwa na chama kimoja litaonekana kwa wanachama wa kingine, ilhali kila upande unaendelea kuwa na mamlaka juu ya mali yake. Kanuni za ushirika zilizotangazwa mwaka 1995 na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ni saba. Ya nne inahusu uhuru na kujitegemea, nayo inataka mapatano yoyote na watu wa nje yasiondoe mamlaka ya wanachama. Ya sita inahusu ushirikiano baina ya vyama. Ni nadra kupata chombo cha kisasa kinachofuata kanuni hizo mbili kwa wakati mmoja katika muundo wake wenyewe.

SHERIA NA HESHIMA YA MWANACHAMA

Mwenye ghala hubeba pia lawama za kilichomo ghalani. Kituo kikiwa cha Chama Kikuu, ni Chama Kikuu kitakachoulizwa kuhusu video ya kashfa, wimbo wa mtu uliotumiwa bila ruhusa, au sura ya mwanachama asiyependa kuonyeshwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Video inayoonyesha sura ya mkulima, jina lake na kilo alizopeleka ni taarifa binafsi. Aidha nchini Tanzania ziko kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hiyo kabla ya kufungua kituo yafaa ushauri uombwe huko na kwa Mrajisi wa Vyama.

PeerTube huruhusu video iwekwe wazi kwa watu wote, au ionekane tu kwa mwenye kiungo, au kwa wenye akaunti katika kituo, au ifungwe kwa nywila. Mafunzo ya kilimo yafaa yawe wazi. Mjadala wa mkopo wa mwanachama haufai kuwekwa hata kwa nywila.

HATUA ZA KUCHUKUA

Chama kinachotaka kuanza si lazima kingoje kituo. Hatua zifuatazo huweza kufuatwa kwa mpango.

1. Katibu aandike orodha ya video zote za chama, zilipowekwa, na mahali ilipo video asili ya kila moja. Ambayo asili yake haipo ipakuliwe mapema iwezekanavyo.

2. Video asili zinakiliwe katika diski mbili. Moja ikae katika ofisi ya chama, nyingine kwa Chama Kikuu, na zote ziandikwe katika daftari la mali.

3. Akaunti ya sasa katika jukwaa lolote iwe kwa jina la chama, si kwa jina na simu ya mtu binafsi. Nywila iandikwe, itiwe katika bahasha na kufungwa, na bahasha iwekwe katika sanduku la fedha.

4. Vyama vipeleke hoja katika mkutano wa Chama Kikuu kuhusu kituo cha pamoja. Hoja itaje msimamizi na msaidizi wake, kodi ya mwaka, mchango wa kila chama, na utaratibu wa kukabidhiana kazi.

5. Kituo kikikubaliwa kianze kwa majaribio ya msimu mmoja na vyama vichache, kwa video fupi za mafunzo. Taarifa ya majaribio itolewe pamoja na hesabu ya fedha zilizotumika.

6. Kila video ya mafunzo iruhusiwe kupakuliwa, ili mwanachama asiye na data aweze kuinakili ofisini katika kadi ya simu yake na kuitazama nyumbani mara nyingi apendavyo.

Hatua tatu za kwanza hazigharimu zaidi ya bei ya diski mbili na siku chache za kazi ya katibu, na zina faida hata kama hoja ya kituo itakataliwa. Kwa hakika ndizo zitakazoonyesha kama chama kiko tayari. Chama kisichojua video zake ziko wapi hakitafaidika na kituo kipya; kitahamisha tu vurugu kutoka ghala la mwingine hadi ghala lake. Lakini chama chenye orodha iliyokamilika, nakala mbili na jina la mwenye dhamana kimekwisha pata sehemu kubwa ya umiliki, na kikiulizwa katika mkutano mkuu ufunguo uko kwa nani, katibu wake ataweza kusimama na kujibu.